Kicheko Kilichoingia Kwenye Wimbo

Liau Guat-kiau, au Kiau kwa waliomzoea, alikuwa na miaka arobaini na sita alipoambiwa, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba anapika kwa kelele.

"Kelele gani tena?" aliuliza, mwiko mkononi.

"Mafuta, mama. Yanachachatika mpaka humu ndani." Aliyesema hivyo alikuwa Hok, fundi mitambo wa studio, kijana mrefu aliyetembea ameinama kana kwamba kila mlango ni mfupi. Akamvisha Kiau hedifoni na kuirudisha kanda nyuma. Kiau akasikia saksafoni ikilia taratibu, na nyuma yake, waziwazi kabisa, vitunguu vyake vikikaangwa kama mvua juu ya bati. Kwanza akacheka. Kisha akaona aibu akarudi jikoni.

Ulikuwa mwaka 1984, mtaani Sanchong, ng'ambo ya mto ukitokea Taipei. Studio ya Bosi Tan ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kamba na maturubai. Jiko na chumba cha kurekodia vilitenganishwa na ukuta wa mbao uliopigiliwa godoro kuukuu. Kabla ya hapo Kiau alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha santuri, akikata kingo za sahani nyeusi kwa wembe zikiwa bado za moto. Kaseti zilipokuja, kiwanda kikafungwa. Mumewe alikwisha kufariki, mabinti zake wawili walikuwa na kazi zao huko kusini, naye hakutaka kwenda kukaa kwa mkwe na kuhesabu siku. Mke wa Bosi Tan, waliyezoeana naye kwenye foleni ya ubani hekaluni, ndiye aliyemwambia: njoo utupikie, wanamuziki wanakula kama nzige.

Basi akajifunza kupika kimyakimya. Juu ya mlango wa jiko palikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, hakuna kukaanga, hakuna kukatakata, bomba halifunguliwi, friji inachomolewa kwenye umeme, na ndara zinavuliwa. Kiau akawa mtu wa miguu peku. Akahamia kwenye uji wa viazi vitamu, samaki wa mvuke, nyama iliyotokota polepole kwenye soya tangu asubuhi. Figili alizikata wimbo ulipokwisha, haraka haraka, kabla taa haijawaka tena. Ijumaa moja alisahau kuirudishia friji umeme, na Jumatatu ngisi wakanuka hadi kwenye ngazi. Mpiga tarumbeta akasema leo warekodi nyimbo za msiba tu.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kutoa sauti, alibaki na kazi ya kusikia. Baada ya miezi michache alijua ngoma imelegea kabla mwenye ngoma hajajua. Alijua nani kaja amegombana na mkewe, kwa jinsi alivyoburura kiti. Lakini hakumwambia mtu. Yeye kazi yake sufuria.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, Bosi Tan alimleta mwimbaji mpya. Jina lake Lim Siok-hun, binti wa miaka ishirini na moja, aliyeshinda mashindano ya redio kwa nyimbo za Kimandarini, lugha ya shule na serikali. Tan alitaka aimbe kwa Kitaiwani, lugha ya nyumbani, wimbo wa kutoka kabla ya Siku ya Akina Mama. Maneno yake yalikuwa mepesi: mama amesimama stesheni ya mji mdogo, treni zinapita moja baada ya nyingine, na kila kiitikio kinaishia pale mama anaposema, namsubiri mwanangu.

Siku ya kurekodi Tan alikwenda kwa wachapaji kugombana nao juu ya rangi ya jalada. Hok alibaki kwenye mitambo. Yeye alikuwa Mhakka wa Miaoli, na Wahakka wana lugha yao nyingine. Kitaiwani alikisikia vizuri cha kununulia sigara, basi. Wanamuziki kumi na wawili walikaa kwenye viti vyao, Siok-hun akasimama nyuma ya kioo, taa ikawaka. Mara ya kwanza fidla zilichelewa. Mara ya pili pikipiki ilipita chini. Zote zilikatika kabla ya kiitikio. Ilipofika mara ya saba kila kitu kilikaa mahali pake, na sauti ya yule binti ilitoka safi, yenye huzuni ya kweli.

Kiau alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya vitunguu saumu. Kiitikio kikaja.

Sasa, katika Kitaiwani neno lina mwendo wake wa sauti, na mwendo huo hubadilika neno linapofuatwa na jingine. "Kusubiri" likisimama peke yake huporomoka kutoka juu. Likifuatwa na "mwana" linatakiwa libaki juu, limenyooka. Ukiliacha liporomoke, mwenye lugha hasikii tena kusubiri. Anasikia kutupa. Na Siok-hun, aliyejifunza maneno yale mojamoja kutoka kwenye karatasi, aliimba kwa uchungu wote aliokuwa nao moyoni kwamba amesimama stesheni, machozi yanamtoka, anamtupa mwanawe.

Kiitikio cha kwanza Kiau aliuma midomo. Kiitikio cha pili alijiziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni. Cha tatu, mama wa wimbo aliponyoosha mikono kuelekea treni na kumtupa mtoto kwa noti ndefu ya kuporomoka, kicheko kilimponyoka. Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilikuwa kile cha wanawake wa kiwandani, cha kutoka tumboni, kikapita kwenye mbao na godoro na kuingia moja kwa moja kwenye kanda.

Fidla zikanyamaza moja moja.

"Nani huyo?" Hok alifungua mlango wa jiko kwa teke. "Mama Kiau! Mara ya saba! Saba! Unajua tulikuwa tumebakiza mistari mingapi?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini? Unacheka nini, vitunguu vimekutekenya?"

Wanamuziki walikuwa wameshajazana mlangoni. Nyuma yao alisimama Siok-hun, hedifoni bado shingoni, uso umemwiva. "Kama naimba vibaya," alisema, "si mniambie tu."

Kiau alitaka sakafu ipasuke. Akajua kazi imekwisha, na akawaza atamwambia nini mke wa Tan. Lakini yule binti alikuwa akimtazama yeye, si mwingine, na kumdanganya kungekuwa kumcheka mara ya pili.

"Huimbi vibaya, mwanangu. Sauti yako imenisimamisha nywele. Ila… unamtupa mtoto."

"Namtupaje?"

Kiau akamwimbia mstari ule, kwanza kama binti alivyouimba, kisha kama inavyopasa. Halafu mpiga akodioni, Mzee Kho, mtu wa Tainan mwenye miaka sitini, akaanza kutikisika mabega.

"Na wewe mzee ulisikia?" Hok alimgeukia.

"Tangu kiitikio cha kwanza."

"Na umenyamaza?"

"Nilidhani ndiyo nyimbo za siku hizi," alisema Mzee Kho. "Vijana wana mambo mengi."

Chumba kizima kikaangua kicheko, isipokuwa mtu mmoja. Siok-hun alivua hedifoni, akaiweka juu ya kinanda kwa uangalifu, akatoka akashuka ngazi. Hok akasema apewe muda, wale kwanza. Kiau alipakua chakula.

Siok-hun alirudi wakati wenzake wakichokonoa meno. Hakwenda chumba cha kurekodia. Aliingia jikoni, akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi.

"Mamdogo," alisema, na ndilo jina alilomwita tangu siku hiyo, "unajua mimi darasa la tatu nilivalishwa kibao shingoni? Kimeandikwa sitasema tena lugha ya kienyeji. Nilisema neno moja tu. Nilimwambia mwenzangu mvua inakuja."

"Wanangu pia walivalishwa," Kiau alisema.

"Mama akaona aibu. Akasema kuanzia leo humu ndani ni Kimandarini tu. Sasa bibi yangu yuko Putai, pwani, hajui hata neno moja la Kimandarini. Nikienda kumsalimia tunatazamana. Ananipa chungwa, nala. Ananipa lingine, nala. Ndiyo mazungumzo yetu hayo. Nilikubali wimbo huu nikasema angalau atanisikia kwenye redio." Akajifuta pua. "Kumbe angesikia ninatupa watoto."

Kiau alimsukumia bakuli la uji. Kisha akamsukumia vitunguu saumu na kisu. "Menya," alisema. "Ukimenya kimoja, unasema mstari. Usiimbe. Sema, kama unanisimulia mimi. Ukikosea unamenya kingine."

"Na nikipatia?"

"Unamenya kingine vilevile. Hivi vitunguu ni vya kesho."

Walikaa hivyo saa nzima. Kiau hakujua kueleza kanuni. Hakuna aliyemfundisha kanuni. Alichojua ni kusema neno, na kusema lile lisilo lenyewe, na kuonyesha kwa kisu sauti inapopanda, inaponyooka, inapokatika. Siku zote alidhani hicho si kitu, ni kama kujua kupumua. Sasa aliona binti mwenye sauti iliyowashinda waimbaji mia akimtazama mdomoni kama anatazama hazina.

Bosi Tan aliporudi, jalada kwapani, alikuta taa nyekundu imezimwa, wanamuziki wamelala kwenye makochi, na mwimbaji wake ananuka vitunguu. Hok akamchezeshea kanda ya mara ya saba mpaka kwenye kicheko. Tan alisikiliza ameshika kiuno.

"Wimbo huu ungetoka hivi," alisema mwishowe, "wangenipiga mawe hekaluni." Akafungua mlango wa jiko. "Kiau, zima moto. Njoo ukae huku."

"Huku wapi, bosi?"

"Kwenye mitambo. Hapo, kando ya Hok. Ukisikia kitu, nyanyua mkono. Ila tafadhali, usicheke."

Mara ya tisa ilipita bila mkono kunyanyuka. Wimbo haukuwa wa kuitikisa nchi. Lakini ulipigwa masokoni mwezi mzima, na madereva wa malori ya kusini waliuomba redioni. Baada ya Siku ya Akina Mama, Siok-hun alipanda basi kwenda Putai na Kiau akaenda naye, maana binti aliogopa kwenda peke yake. Bibi alikuwa mwanamke mdogo mkavu, amekaa mlangoni akianika samaki. Siok-hun alimchutamia, akamwambia maneno ambayo alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima: bibi, nimekuja, umekula?

Bibi akamtazama. Akamtazama tena. "Nani amekufundisha kusema kama watu wa Yunlin?" aliuliza. "Mjukuu wangu mwenyewe anaongea kama muuza bata!"

Kiau, ambaye kwao ni Yunlin na baba yake alifuga bata, hakujitetea. Bibi alianza kumsahihisha mjukuu hapohapo, neno kwa neno, akimpiga magotini kwa mkia wa samaki kila alipokosea, na hakunyamaza mpaka basi la kurudi lilipopiga honi. Machungwa siku hiyo hayakuguswa.

Baada ya hapo jiko la Bosi Tan likawa na wanafunzi. Miaka miwili mbele sheria za kijeshi ziliondolewa, vijana wakaanza kutaka kuimba kwa lugha za bibi zao, na wengi walikuja Sanchong wakiwa na karatasi mkononi na hofu usoni. Tan aliajiri mpishi mwingine. Kwenye majalada ya kaseti, chini kabisa, baada ya wapiga fidla, likaanza kuonekana jina la Liau Guat-kiau, na mbele yake neno "matamshi". Mara ya kwanza alipoliona alimuuliza Hok kama wachapaji hawajakosea.

"Walitaka kuandika mpishi," Hok alisema. "Nikawakataza."

Alikaa kwenye kiti kile miaka kumi na sita. Studio ilipofungwa alikuwa na miaka sitini na tatu, na mwaka huohuo shule za msingi zikaanza kufundisha lugha za nyumbani, kipindi kimoja kwa wiki. Walitafutwa walimu, wazee wenye lugha yao. Siok-hun, ambaye sasa alikuwa na watoto wawili, ndiye aliyemjazia fomu.

"Mimi niliishia darasa la nne, Siok-hun."

"Mtihani ni wa kusema, mamdogo. Wewe sema tu."

Akasema, akafaulu. Jumatano ya kwanza aliingia darasani amevaa gauni lake la harusi za watu. Watoto thelathini na mmoja walimtazama. Ubaoni, mahali palepale ambapo zamani majina ya wasema lugha ya kienyeji yaliandikwa ili waadhibiwe, mwalimu wa zamu alikuwa ameandika jina lake kwa chaki ya njano.

Mtoto wa mbele mwenye pengo alinyanyua mkono. "Bibi, kwa Kitaiwani mvua inakuja unasemaje?"

Kiau alimwambia. Darasa likarudia. Wengine walipatia, wengine wakasema kitu ambacho hakipo katika lugha yoyote. Akasogeza kiti mbele, akaketi karibu nao, akasema, "Haya, tena. Mmoja mmoja. Wewe mwenye pengo, anza."