Ukucha wa Mlinzi wa Msitu

Kiangazi kikikolea, miti yote ya mlima ule wa njia ya Misungwi hupukutisha majani, usijue upi mzima na upi umekufa, na ruhusa ni ya kuni kavu tu. Hapo ndipo mlinzi wa msitu alipomnasa Kabula, aliyekuwa mama ntilie tangu mumewe apunguzwe kazi kiwanda cha pamba. Mlinzi alimtua mzigo wa fito kizuizini, akachuchumaa, akakohoa, akaanza kukwangua gome la ufito mmoja baada ya mwingine kwa ukucha wa dole gumba, taratibu kama anayemmenyea mgonjwa yai. Pimbi walimaliza kuota jua wakarudi maweni, yeye bado anakwangua.

"Huu mbichi, mama."

"Ubichi uko wapi, baba? Hizo zote kavu!"

"Sheria, mama," alisema, kwa upole uliomuudhi Kabula kuliko tusi, akazuia mzigo mzima. Siku hiyo jiko halikuwashwa, na wateja walikula kwa jirani.

Mvua zilipoanza na msitu kuchipua, mlinzi alimwita Kabula kwa furaha hadi nyumbani kwake. Fito zile zile alikuwa amezijengea ua, na mmoja ulikuwa umetoa majani mawili.

"Unaona? Si nilikwambia ulikuwa hai?"

Kabula akautazama ua wote, mkavu kama mifupa.

"Na hizi nyingine, baba?"

Mlinzi akachuchumaa, akakohoa, akaanza kukwangua.