Maturubai ya Gereji

Mwaka tuliohamia Kitale, mvua ilikataa kuisha. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilitoka Matulo, upande wa Webuye, nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, kumfuata mume wangu aliyekuwa amepata kazi ya kuendesha trekta kwenye shamba kubwa nje ya mji. Kwetu tulipanda mahindi ya kula. Huku watu walipanda ya kuuza, na kila kitu, karo, mabati, hata harusi, kilingoja mavuno.

Aliyenipokea alikuwa jirani yetu, mjane wa makamo mwenye ekari mbili. Jioni ya kwanza aliniletea makaa ya moto kwenye kigae na sufuria ya maziwa, akaniwashia jiko mwenyewe. Alikuwa Mbukusu kama mimi, nami nikamwita Mayi, yaani mama, tangu siku hiyo.

Novemba Mayi alikodi mkokoteni, akapeleka magunia yake mjini kwa mnunuzi. Nilimsindikiza. Mnunuzi alichoma gunia kwa chuma chembamba, akatoa punje chache, akaziuma, akatikisa kichwa.

"Mama, hii bado ni maji. Rudisha."

"Lakini nimeanika wiki mbili!"

"Umeanika kwa matope. Si uone mchanga huu?"

Tulirudi na magunia yote. Kesho yake Mayi alitandaza mahindi juu ya shuka, juu ya blanketi, hata juu ya koti refu aliloachiwa na marehemu mumewe. Saa kumi mvua ikaja. Tulikusanya mbio, lakini shuka zilikuwa zimeshalowa kutoka chini. Baada ya wiki moja mahindi yaliota ukungu wa kijani, na Mayi akayamwaga shimoni mwenyewe, hakutaka asaidiwe. Binti yake wa kidato cha pili alikaa nyumbani muhula mzima. Nilikuwa nikimwona asubuhi akichota maji huku wenzake wakipita na sare zao, akijifanya hawaoni.

Jambo hilo lilinikaa. Mvua tusingeweza kuizuia, lakini jua lilikuwepo kila siku kuanzia saa tatu hadi saa nane au tisa. Shida yetu ilikuwa udongo. Udongo haukukauka kamwe, na kila tulichotandika juu yake ulikilowesha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, trekta ya mume wangu iliharibika ikapelekwa kwenye gereji ya Singasinga mmoja mjini. Nilimpelekea mume wangu chakula cha mchana huko. Nikiwa nangoja vyombo, niliona kwenye kona rundo la maturubai ya malori, mazito, yamechanika na kujaa mafuta. Nilisimama nikiyatazama mpaka mwenye gereji akanijia, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe.

"Unatafuta nini hapo, mama? Panya wamezalia humo."

"Mzee, haya maturubai ni ya nani?"

"Si ya mtu. Wateja wakinunua mapya, ya zamani wananiachia mimi. Unataka?"

"Nataka matatu."

"Utafanyia nini?"

"Kuanikia mahindi."

Aliinama mwenyewe, akayakung'uta, akanichagulia yaliyokuwa na afadhali. Sikulipa kitu.

Mume wangu hakufurahi. "Ati umeniletea takataka ya gereji nyumbani, bana?" Lakini aliyabeba.

Nilikuwa na cherehani niliyotoka nayo kwetu. Sindano ya kwanza ilivunjika, na ya pili pia. Nikabeba kipande cha turubai hadi kwa fundi viatu aliyekaa nje ya soko. Alikipapasa akacheka. "Hiki si kitambaa, mama. Hiki ni sawa na ngozi. Kishone kama kiatu." Akanionyesha jinsi ya kupaka uzi nta, jinsi ya kutoboa kwanza kwa msumari, na jinsi ya kuvuta mshono bila kukata vidole. Aliniazima sindano yake nene na hakuidai mpaka niliponunua yangu. Mwezi wa tisa wote nilishona viraka na kusugua mafuta kwa sabuni ya mche. Nyumba nzima ilinuka dizeli.

Turubai la kwanza nilimpa Mayi. Mahindi yake yalikauka kwa siku nne. Kila mawingu yalipokaribia kutoka Mlima Elgon tulikunja pembe nne juu ya mahindi, tukaweka mawe, tukaingia ndani kunywa chai. Mnunuzi yule yule alichoma gunia, akauma punje, akaandika risiti bila kuuliza swali.

Jioni hiyo Mayi alikuja na gorogoro, kile kibati tunachopimia nafaka, imejaa mahindi makavu.

"Hii ni ya turubai," akasema.

"Mayi, mimi sikukukodishia. Wewe ni mama yangu."

"Chukua, mwanangu. Ukinipa bure, mwaka ujao nitaogopa kuja kuomba. Nikikulipa, nitaingia hapa nikitembea kama mtu."

Nilichukua. Mpaka saa hiyo sikuwa nimewaza biashara. Nilikuwa nimewaza mahindi ya jirani tu. Ni yeye aliyenionyesha kwamba malipo yanaweza kuwa heshima kwa anayelipa, na tangu siku hiyo gorogoro moja kwa siku ikawa bei yetu.

Habari zilienea. Msimu uliofuata nilikuwa na maturubai manane, matano kati yake niliyanunua kwa wenye malori, nami nikafanya kosa: niliahidi watu wawili turubai moja siku moja. Yule aliyekosa alianika chini, mvua ikamharibia. Alikuja kwangu, hakupiga kelele, alikaa tu mlangoni. Niliona aibu kuliko kama angenitukana. Nilimpimia mahindi makavu kutoka ghala langu, na kesho yake nikaenda kwa Mayi kuomba ushauri. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyezunguka mashambani kutazama ya nani yamekomaa kwanza, akapanga zamu. Tukawa washirika.

Niliporudi gereji nikitaka kununua maturubai mengine, yule mzee alikataa pesa. "Nishonee viti vya malori," akasema, "hapa hakuna fundi wa viti." Nikashona. Madereva waliviona, wakaanza kuniulizia. Mapema miaka ya tisini nilikuwa na chumba changu cha kushonea mjini Kitale, na maturubai yangu yalikuwa yanafika hadi soko la Sirisia.

Binti ya Mayi alirudi shuleni, akamaliza, akasomea uuguzi, akapata kazi hospitali ya Lugulu, karibu na kwetu Matulo. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mikononi mwake. Mayi alikuja kututazama wodini, akamwangalia bintiye aliyevaa nyeupe, akamnyooshea kola.

Baadaye mume wangu aliacha trekta, tukahamia Bungoma, maturubai ya Kitale nikayaacha mikononi mwa Mayi. Nilifungua duka karibu na soko. Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta dukani. Nilisimama mlangoni nikaona wachuuzi wakifunika nyanya na omena kwa kazi ya mikono yangu, na bila kujua nikaiambia mvua kwa sauti, "Asante."

Mteja aliyekuwa ndani, kijana wa mjini, akageuka. "Asante ya nini, mathe? Si hata sijanunua kitu."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nikamvutia kiti akae mvua iishe.