Miye na Kanzu Yangu Tupu

Nnakiri mbele yenu. Kila majira ya baridi hapa Maskati, wazee wenzangu hujifunga mashali, nami huwacheka: "Baridi gani hii? Miye kanzu tupu!" Kumbe chini ya kanzu nnafunga tumboni mfuko wa mpira wa maji ya moto, wa mke wangu, wenye maua.

Juzi, barazani kwa Nassor kule Al Khoudh, nikainama kupokea kahawa. Kizibo kikafyatuka. Kanzu nyeupe ikarowa kuanzia kiunoni kushuka. Baraza zima likanikodolea macho.

"Maskini, uzee huo," Nassor akanong'ona. "Msimtazame."

Niitwe kikojozi au muongo? Bora muongo. Nikauchomoa mfuko mbele ya wote.

Nassor akaupapasa. "Bado una umoto," akasema. "Hebu nipe miye."