Majani ya Emerance

Nianze na hasira yangu, maana nikiimeza itaninyonga. Mimi nauza makala, makaa ya kupikia, karibu na ziwa hapa Goma, na jirani yangu wa biashara ni Emerance, mama aliyetoka Masisi, anayepikia wamotari, vijana wa pikipiki za abiria, maharagi, bugali na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa. Motari anasimama, anapewa chakula chake, anaondoka nacho.

Zamani alikuwa anawafungia kwenye sashe nyeusi za plastiki, kama wauzaji wote. Lakini hapo chini tunapochota maji, sashe zilijaa mpaka kabla ya kuzamisha bido, dumu la maji, ulipaswa kusukuma takataka kwa mkono. Kisha kipindupindu kikapita mtaani. Binti yake Bénita alilazwa, akarudi nyumbani mifupa mitupu. Emerance akaniambia, "Mama Sidonie, maji niliyomunywesha mutoto ni yale ya kule kwenye uchafu wangu mwenyewe. Sashe sitoi tena."

Akarudia mambo ya kwao. Janvier, motari wa barabara ya Rutshuru, akawa anamuletea majani ya ndizi kutoka Kiwanja. Kila asubuhi alikuwa anapitisha jani moja moja juu ya makala yangu mpaka linalegea na kung'aa, ili lisipasuke, ndipo anakunja chakula na kufunga kwa uzi wa mgomba. Maharagi yalinukia vizuri ajabu. Mimi nilikula hapo kila siku.

Wateja sasa? Eh! Walimucheka. "Mama, tuko kambini Kanyaruchinya?" Maana katika mji huu jani ni la mutu wa kambi, aliyekimbia vita bila sahani, na sashe, hata iwe chafu namna gani, ni ya mutu wa mjini. Wakahamia kwa Vanessa, ng'ambo ya barabara, anayefungia bado kwenye sashe. Sufuria ya Emerance ikawa inarudi nusu, na watoto wake wanakula maharagi asubuhi na jioni mpaka wanayachukia. Nilimushauri arudie sashe. Alinifokea vibaya sana.

Ndipo akatokea Célestin, koordinateri wa shirika moja la kutunza ziwa, shati limepigwa pasi, Kifaransa na Kiswahili katika pumzi moja. Alikula, akalamba vidole. "Mama, wewe njo modèle, mufano wa wote! Tunafanya siku ya ziwa. Wageni wakubwa watakuja, na watakula chakula chako, kwenye majani." Akatueleza kwamba plastiki yetu inashuka na mto Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika, inaingia mto Kongo, inafika baharini na kuua samaki. Bahari mimi sijaiona tangu nizaliwe. Bido yangu ndiyo ninayoiona.

Wiki ile Emerance alitembea kama mama wa bibi harusi. "Wakubwa wakila kwenye majani mbele ya kamera," alisema, "hakuna motari atakayeona haya tena. Wateja wangu watarudi." Akatia kila alichokuwa nacho katika sufuria ile.

Siku ilipofika, nilimusaidia kubeba mabeseni mpaka kwenye hema la sherehe. Vifurushi vya kijani vilipangwa vizuri, bado vina moto. Célestin akaja mbio, jasho linamutoka. Nyuma yake kijana mwingine alikuwa amebeba rundo la visanduku vyeupe vya plastiki, vile vyepesi vya kutupa, na uma za plastiki.

"Mama, pole. Protokole imebadilika. Wageni wa heshima hatuwezi kuwapa chakula kwa majani, watasema tunawazarau. Hamisha tu, haraka haraka."

"Na majani je?" Emerance akauliza.

"Acha moja juu ya meza. Kwa picha."

Haki ya Mungu, nilitaka amumwagie maharagi yale kwenye shati. Ningekuwa mimi, ningemumwagia! Lakini Emerance ana watoto. Alikaa chini, akaanza kufungua vifurushi, na machozi yake aliyafuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. Majani yalibaki chini, wageni wakapita juu yake. Wakala, wakapiga makofi kwa ajili ya ziwa. Mwishoni wakamusimamisha Emerance mbele ya bango, wakamupiga picha ameshika jani tupu.

Asubuhi iliyofuata tulienda kuchota maji. Visanduku vilikuwa vimetangulia. Vilielea pale pale penye bido zetu, na ndani ya vingine maharagi yake bado yameshikana na mafuta ya mawese. Alivisukuma kwa mkono, akajaza bido.

Tuliporudi aliomba makala, nikamupa. Nilimungojea atoe majani. Akatoa chini ya meza rundo la sashe nyeusi, mpya kabisa, akaikata kamba yake kwa meno.

Motari wa kwanza alimuona kwa mbali, akapiga honi. "Ah, mama! Umerudi mjini!" Emerance akamufungia chakula chake, akamupa, akamuambia aksanti.

Bénita akaja nyuma yake na kikombe, akaomba maji. "Usikunywe ya bido, mutoto wangu, ngoja niyachemshe," Emerance akamuambia, kisha akanitazama mimi. Moto wote wa makala yangu ulikuwa chini ya sufuria ya maharagi, na wateja walikuwa wamepanga foleni.