Kibali changu kimesomwa leo kwa mara ya kwanza

Leo nimefukuzwa sokoni Laare na mama aliyekuwa akifunga miraa, na alikuwa na haki.

Kwa wasiojua, utafiti wangu wa chuo unauliza jambo moja: watu husoma kitu kabla ya kukiamini?

Nina barua ya kibali. Ina muhuri mkubwa wa zambarau.

Nimeingia nayo shule tatu na maktaba moja mwezi huu. Walimu wakuu wanaangalia muhuri, wanasema karibu, chai inaletwa. (Shule ya Mikinduri hata mandazi.)

Leo nikampa Mama Kendi, huyo mfunga miraa. Akaweka kando majani ya ndizi ya kufungia, akapangusa mikono, akaanza kusoma.

Akasoma yote.

Mimi nimesimama tu, nikitabasamu kama mtu wa benki.

"Mwalimu, hii iliisha mwezi uliopita."

Nikamwambia haiwezekani. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

Iliisha kweli.

Nikamwonyesha muhuri. Naam, nilifanya hivyo.

"Muhuri nimeuona. Hata madalali hunijia na karatasi za muhuri. Lete mpya, utanipata hapa hapa."

Kwa hivyo aliyesoma barua ni Mama Kendi peke yake, na ndiye pekee ambaye sina majibu yake kwenye fomu ya utafiti.

Jioni nimempigia msimamizi wangu. Akauliza kama sikuisoma hiyo barua kabla ya kwenda.

Nikamuuliza kama yeye aliisoma.

Akasema aliuona muhuri.

Niambieni, hilo jibu nalijaza wapi kwenye fomu?