Tennis Elbow Ilivyotaka Kuninyima Shamba

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Mimi ni mzee wa kanisa, kwa hivyo hii story nitaisema vile ilikuwa, bila kuongeza.

Miaka michache baada ya uhuru, tulikuwa kikundi cha watu kama arobaini. Tulijikusanya tukanunua shamba la settler mmoja mzungu upande wa Ainabkoi, tukangoja surveyor aje kutukatia kila mtu plot yake.

Mimi nilipewa kazi ya fence. Kugonga misumari kwa nguzo, asubuhi hadi jioni.

Mwezi wa pili kiwiko cha kulia kikaanza kuuma upande wa nje. Wakuu, kuinua kikombe cha chai ilikuwa kazi. Kusalimiana kanisani nilikuwa natoa mkono wa kushoto kama mtu hana adabu.

Bibi yangu Tabitha alinikanda na samli moto. Haikusaidia.

Jirani akanichanja na wembe akapaka majivu ya dawa. Sasa nikawa na maumivu mawili.

Nikapata chupa ya dawa ya kuchua kwa store ya settler. Ilikuwa na picha ya farasi. Nilidhani ni kuonyesha nguvu ya dawa, kumbe ilikuwa ya farasi kweli. Jumapili hiyo, kwa harufu yake, benchi yetu nilikaa peke yangu.

Mwishowe nikaenda hospitali mjini. Daktari akafinya, akaniambia niinue kiganja huku amekikandamiza. Nikapiga nduru.

"Hii ni tennis elbow," akasema.

"Daktari, mimi hata raketi sijawahi kushika."

"Ni jina tu. Nyundo inaleta hivyo hivyo."

Akanidunga sindano kwa kiwiko, akaandika barua nipewe light duty, yaani kazi nyepesi, wiki sita.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Huyo settler alikuwa ameacha tennis court nyuma ya nyumba, na chairman wetu alikuwa amekataza mtu yeyote kuikanyaga. Akasoma barua kwa mkutano. Akafika kwa "tennis", akaniangalia juu ya miwani.

"Kumbe sisi tukilima, wewe unacheza!"

Wakuu, iliundwa sub-committee ya kukagua court. Walikaa huko mchana mzima wakitafuta alama za viatu. Wakapata mavi ya mbuzi. Bado secretary akapendekeza jina langu litolewe kwa list ya plot.

Tulikuwa na watoto watatu, na kwetu hatungerudi. Tabitha ndiye alisimama.

"Mzee chairman, huyu mtu ananiomba nimfunge vifungo vya shati. Hiyo tenisi anachezea wapi?"

Watu wakacheka, lakini kesi haikufungwa. Wakaamua nisiguse nyundo hadi wachunguze, na nikae kwa kiti nilinde court, mtu asiingie kucheza.

Yaani adhabu yao ilikuwa ile light duty!

Kabla barua haijasomwa kwa mkutano, sindano ilikuwa imenidanganya. Siku chache maumivu yaliisha, nikabeba magunia, yakarudi mabaya zaidi. Nikarudi hospitali, na nesi mmoja akanifundisha kushika jiwe dogo, kiganja kikiangalia chini, kulishusha polepole na kulipandisha. Kila siku, bila haraka. Nikafanya hivyo kwa kile kiti miezi mitatu, maana uchunguzi wa committee haukuisha.

Surveyor alipokuja, majina yakasomwa. Langu lilikuwemo. Niliinua mkono wa kulia, ukafika juu kabisa, na Tabitha akalia mbele ya watu wote.

Nilichojifunza: sindano ikikutuliza usikimbilie kazi. Pumzisha mkono, kisha uuzoeze pole pole. Na ukipewa barua ya daktari, mwombe aandike tu "mkono unauma".

Wenye viwiko vinauma, nyinyi mlipona na nini? Na kama kuna mtu alitumia ya farasi ikamsaidia, aseme ukweli hapa.