Choo cha Kubeba Nyumbani kwa Mkwe

Choo chetu cha kubeba kina sehemu mbili. Ya juu ni kiti chenye maji kidogo ya kusukumia, na ya chini ni tangi linalopokea. Katikati kuna mlango mwembamba wa kuteleza wenye mpira pembeni, na mpira huo ndio unaoamua kama mtalala vizuri ndani ya gari mnalosafiria au mtakesha. Mimi huufuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu, kabla ya maombi, ili nikianza kuomba mawazo yangu yasiwe yanarudi kwenye mpira.

Choo tulikipata kwa wageni wawili waliokuwa wakirudi kwao na hawakutaka kusafiri nacho. Gari lenyewe lilikuwa la kusambaza mikate. Nilipostaafu uchungaji, fundi mmoja wa Kitui mjini alilitia kitanda, kabati na jiko dogo la gesi, na choo kikaingia chini ya kitanda kama kwamba nafasi hiyo ilikuwa imepimwa kwa ajili yake.

Ni kwa ajili ya mke wangu. Alikuwa ameacha kusafiri. Magoti yake yalikataa kukunjika, na vyoo vya shimo vya huku kwetu vinataka mtu achuchumae. Alipoalikwa kwenye semina ya akina mama alikuwa akiacha kunywa chochote tangu siku iliyotangulia. Mwishowe akaacha kwenda kabisa, na watu walipouliza akasema ana kazi shambani. Tulipopata choo hicho alianza tena kufunga mizigo, nami nikaanza kazi ambayo hakuna chuo cha theolojia kilichonifundisha.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka mpango. Katika sehemu za Kitui ambako maji huja kwa punda kutoka mtoni, huwezi kusukuma uchafu kwa maji safi huku mwenye boma anakutazama. Sisi hutumia maji ya kusuuzia vyombo, baada ya kuyachuja masalio. Dawa ya bluu ya kukata harufu huwekwa kidogo kwenye tangi la chini kabla ya kutumia, si baadaye. Tangi humwagwa kwenye choo cha shimo tu, na ruhusa huombwa mara tu mnapofika, kabla chai haijaletwa, kwa sababu ukishapewa chai maneno hayo hayasemeki. Mdomo wa tangi huelekezwa katikati ya tundu na kumimina ni polepole. Mwenye haraka atajuta na viatu vyake. Jangwani watu wa Mungu waliagizwa watoke nje ya kambi na kufukia. Nilihubiri juu ya usafi miaka mingi bila kulifikiria agizo hilo sana, na sasa nalifikiria karibu kila siku.

Mara moja, Sultan Hamud, niliomba kumwaga kwenye choo cha shimo cha madereva wa malori, nyuma ya kituo cha petroli. Kijana wa usafi alinisimamisha mlangoni.

"Mzee, hiyo umebeba ni nini?"

"Ni choo."

"Unaleta choo kwa choo?"

"Ndiyo. Kimeshiba."

Alimwita mwenzake wa pampu kwa sauti. "Wewe, kuja uone! Mzee amekuja na choo yake kutoka nyumbani!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha alinifungulia mlango na kusimama kando akiwa ameziba pua, na nilipomaliza akanimwagia maji mikononi. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Binti yetu wa mwisho ameolewa Mbooni. Alijifungua mtoto wa kwanza kwa upasuaji, kidonda kikachelewa kufunga, na hospitali ikamkataza kuinua kitu chochote, hata mtoto wake mwenyewe kutoka chini. Mama wa mume wake alikwisha kufariki. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumsaidia ila mke wangu, na mke wangu alitaka kukaa naye mpaka apone.

Hapo palikuwa na jambo ambalo msomaji asiye Mkamba lazima alijue. Tunayo nthoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Mama na mume wa binti yake hawazungumzi ana kwa ana ikiwa kuna mtu wa kupitishia maneno. Hawapeani mikono. Mmoja hapaswi kujua lolote linalohusu mwili wa mwenzake. Sisi tuliokulia kanisani tuliacha mambo mengi ya wazee, mengine tukayakemea mimbarani. Hili hatukulikemea, na sijaona sababu ya kulikemea.

Mkwe wetu ni daktari wa mifugo, mtu mpole na mwenye bidii. Amejenga nyumba ya mawe yenye choo cha kukalia ndani. Magoti ya mke wangu yangekiweza choo hicho. Lakini mlango wake uko ukumbini na unatazamana na mlango wa chumba cha kulala cha mwenye nyumba, na mke wangu hakuvuka kizingiti cha ukumbi ule hata mara moja. Choo cha shimo cha zamani kiko chini kabisa ya shamba, baada ya matuta mengi ya mahindi na maharagwe. Kwa hiyo tuliegesha gari kwenye sehemu tambarare karibu na zizi. Mchana alikuwa jikoni na kwa binti, aliyelala na mtoto katika chumba cha kando ya jiko, usiku alirudi kwangu garini, na kila alfajiri mimi nilishuka matuta na tangi mkononi kabla watu hawajatoka.

Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka mvua ilipoanza. Jumamosi moja asubuhi niliteleza kwenye ukingo wa tuta nikaenda chini pamoja na tangi. Halikufunguka, na nilimshukuru Mungu kwa hilo kabla ya kuangalia mguu wangu. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba.

Mkwe alikuwa akikamua. Aliniona, akaacha ndoo na kuja mbio.

"Pole, baba! Umeumia? Wacha, wacha, hii mimi nitabeba." Mkono wake ulikuwa tayari njiani kuelekea kishikio.

"Usiguse," nilisema, kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha.

Aliurudisha mkono. Aliangalia tangi, akaangalia gari, akaelewa. Aliinamisha uso akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi niliteremka nikiwa nimekaa, nikilivuta tangi kando yangu, tuta kwa tuta, mpaka nikafika.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na aliuona ule mkono. Nilipopanda kurudi nilimkuta garini anakunja leso zake na kuziweka kwenye begi. Binti alikuwa amejikokota mpaka hapo, mkono mmoja tumboni.

"Mama, hata hakugusa!"

"Leo hakugusa. Kesho baba yako atashuka hayo matuta na mguu gani?"

"Lakini huyu ni daktari wa mifugo. Juzi alikuwa na mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe ya jirani."

"Mimi si ng'ombe ya jirani."

Binti alitaka kucheka, kidonda kikamkataza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto akilia usiku, nani atanipatia?"

Mama yake aliendelea kukunja. Baadaye aliniambia kwamba Jumapili tungeenda ibada na Jumatatu tungeondoka na dereva wa kukodi. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba mkwe akilibeba tangi lile hata mara moja, yeye hataweza tena kula chakula cha nyumba ile, na binti atakuwa amepoteza mama wa kumtembelea, si kwa wiki chache bali kwa siku zote. Nilijua anasema kweli. Niliomba juu ya jambo hilo, lakini sikuwa na ombi lenye umbo. Nilimwambia Mungu tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Jumapili mkwe alisema hataenda kanisani, kwamba kuna ng'ombe wa mtu anakaribia kuzaa. Sisi wawili tulipelekwa na jirani mwenye gari, maana mguu wangu haukuweza kukanyaga klachi. Mahubiri yalikuwa marefu, na mke wangu aliyasikiliza akiwa amefumba macho.

Tuliporudi, nyuma ya gari, hatua chache tu na pote tambarare, palikuwa na shimo jipya. Lilikuwa jembamba na refu kwenda chini. Juu yake palikuwa na kipande cha ubao kilichofunikwa kwa bati, na kando sepetu na debe la majivu. Kati ya shimo na nyumba palikuwa pamesimamishwa ua wa mabua ya mahindi, wa kimo cha mtu. Mkwe alikuwa zizini, viatu vimejaa udongo mwekundu, anamkwaruza ng'ombe shingoni. Nilimwendea nikichechemea.

"Umechimba."

"Ndiyo, baba. Nataka kupanda ndizi hapo."

"Hapo karibu na gari?"

"Ndizi inapenda shimo ndefu. Lakini miche bado sijapata. Labda mvua ikiisha."

"Na kifuniko?"

"Kuku wasianguke."

"Na ule ua?"

"Upepo, baba. Upepo ya huku ni mbaya."

Siku hiyo hapakuwa na upepo. Nilimuuliza kama atatia mbolea. Aliendelea kumkwaruza ng'ombe kwa muda.

"Mambo ya mbolea sitajua," alisema. "Mimi hutoka mapema sana, kurudi ni jioni. Vitu ya huko nyuma siwezi kujua."

Mke wangu alikuwa amelizunguka shimo. Aliinua bati kwa ncha ya fimbo yake, akachungulia, akalirudisha.

"Amesema ni la nini?"

"La ndizi."

"Ndizi," alisema. "Na ule ua?"

"Wa upepo."

Alienda jikoni, na kutoka huko akamwambia binti, aliyekuwa ameketi karibu naye kabisa, kwa sauti ya kufika mpaka zizini: "Mwambie mwenye boma ndizi zinapenda majivu. Yale ya jikoni asitupe."

"Mwambie nimesikia," sauti ikajibu kutoka kwa ng'ombe.

Binti aliwatazama wote wawili, mmoja mlangoni na mwingine zizini, akashika tumbo kwa mikono miwili ili acheke bila kuumia.

Jumatatu hatukuondoka. Dawa ya bluu niliiacha, kwa sababu haifai kwa udongo, nikatumia maji kidogo tangini na majivu juu ya shimo kila baada ya kumwaga. Kazi iliyokuwa ya kushuka matuta ikawa ya dakika chache, na mguu wangu ukapona bila haraka. Mke wangu alizitoa leso kwenye begi. Alimwogesha mtoto, akampikia binti uji na supu, na usiku mtoto alipolia alivuka uwanja akaenda kumpatia binti. Tulikaa mpaka kidonda kikafunga na binti akaweza kumfunga mtoto mgongoni mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka nililijaza shimo udongo, nikaukanyaga ukashikana. Mkwe alikuja kunipa mkono na kunitakia safari njema. Kisha akageukia upande wa gari, akainamisha kichwa bila kuangalia dirishani, akasimama hivyo kwa kitambo. Ndani, mke wangu naye alikuwa ameinamisha chake.